Mgonjwa akisema "nimeanguka bafuni" mara ya tatu, wewe mhudumu unafanyaje?

Tabibu_wa_Zamu | #1
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, mkoa siutaji maana humu wapo wanaonijua. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Kuna mama, kijana tu, kaja kwangu mara tatu tangu mwaka uanze. Mara ya kwanza mkono, kaumia mfupa wa chini upande wa kidole cha mwisho. "Nimeteleza bafuni." Mara ya pili sikio. Nachungulia, ngoma ya sikio imetoboka. Eti mtoto kamchokonoa na njiti. Mara ya tatu kaja na mumewe, wanasema ni tonsi. Joto la mwezi wa pili mnalijua, na yeye kajizungushia mtandio shingoni mizunguko miwili. Sauti imekauka kama katoka kushangilia mechi. Kila nikimuuliza yeye, anajibu mume: "Koo tu hilo dokta, mpe antibayotiki."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikauliza palepale, mume kakaa pembeni: "Mama, kuna mtu anakupiga?" Akacheka. Mume naye akacheka. Nikaandika tonsi, nikampa amoksilini, wakaenda zao. Hajarudi. Ana mimba, na hudhurio lake la kliniki limepita.

Naomba wenye uzoefu mniambie: mtu kama huyu anaulizwaje? Na akijibu ndiyo, unamfanyia nini wakati kituo hakina hata chumba kimoja chenye mlango unaofunga? Nawasilisha.

Dogo_Janja_Tabata | #2
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Bibi_Wodi_Tano | #3
Mwanangu #1, pole. Nimestaafu baada ya miaka 31 ya unesi, zaidi ya nusu wodi ya wazazi. Ngoja nikusomee mgonjwa wako.

Mkono ule ni wa mtu aliyeinua mkono kukinga uso. Anayeteleza bafuni mara nyingi hutua kwa kiganja, anaumia kifundo cha mkono. Sikio ni kofi la kiganja bapa, hewa inaingia kwa kishindo ngoma inapasuka. Mtandio na sauti kukauka, huyo alikabwa. Na hilo la tatu ndilo la kukunyima usingizi. Aliyekabwa anaweza kuja anatembea vizuri, anaongea, halafu usiku koo likavimba au mshipa wa damu wa shingoni ukaleta kiharusi. Ulitakiwa umfungue mtandio, umuulize kama anameza vizuri, kama alipoteza fahamu au kujikojolea, umchungulie macho kama yana vidoti vyekundu. Na mimba ile uisikilize.

Mwanamke aliyekabwa mara moja na mwenza wake yuko kwenye hatari kubwa ya kuuawa baadaye kuliko aliyepigwa kofi. Sikutishi, nataka ujue tu kwamba hiyo haikuwa tonsi.

Kuhusu mume anayeganda kama luba: mjamzito anapimwa mkojo, si ndiyo? Mpe kikopo, mwambie "njoo nikuonyeshe choo". Mume hafuati chooni. Pale mlangoni pa choo nimeambiwa mambo mengi kuliko yote niliyoandika kwenye mafaili.

Chuma_cha_Reli | #4
Mnataka kuvunja ndoa za watu kwa vikopo vya mkojo. Daktari tibu jeraha, mengine yana wazee wake. Mke akitaka kusema atasema.

Wakili_Njaa | #5
#4 Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Imeandikwa hivyo miaka mingi kabla ya wewe kufungua akaunti humu. Kwa hiyo "wazee wake" nao wako chini ya sheria.

Ila tuwe wakweli, Tanzania hatuna sheria moja ya ukatili wa majumbani. Tunaokoteza: shambulio na kudhuru mwili kwenye Kanuni ya Adhabu, makosa ya kujamiiana kwa marekebisho ya 1998, na hiyo ya ndoa. Mume kumbaka mke wake wanayeishi pamoja sheria yetu hailiiti kubaka. Nesi anapomwambia mama "nenda kashtaki", ajue anampeleka kwenye njia yenye mashimo.

Msukuma_wa_Mjini | #6
Mimi nasema ukweli wa mlangoni. Asubuhi nakuta benchi limejaa hadi nje, tuko matabibu wawili, mmoja kaitwa semina. Kila mgonjwa napata dakika nne. Uliza swali hilo, mama aanze kulia, ni dakika arobaini. Waliobaki benchi watanipigia simu mwenyekiti wa kijiji. Sisi hatuna roho mbaya, hesabu ndiyo haikubali.

Mama_Pacha_Wangu | #7
Mimi nilikuwa mgonjwa, niongee kwa upande huo.

Nikiwa na mimba ya miezi sita, nesi aliniona michubuko mgongoni wakati ananipima. Aliniuliza vizuri tu, tukiwa wawili, nikamwambia. Akasikitika, akanishika mkono. Halafu akachukua kalamu akaandika kwenye kadi ya kliniki: "anapigwa na mume". Wino wa bluu, mstari mzima. Kadi ile anaisoma nani? Iko kwenye droo ya kabati letu, na mume wangu ndiye aliyekuwa anaangalia tarehe ya kurudi.

Niliing'oa ile kurasa njiani, nikaitupa mtaroni. Hudhurio lililofuata nikafokewa kwa kuchana kadi.

Sijataja hospitali na sitaji. Na yule nesi simlaumu sana, alikuwa na nia njema. Ila mnaofundisha wauguzi, waambieni kadi inarudi nyumbani.

Dogo_Janja_Tabata | #8
Duh. Naweka karanga chini. Pole dada.

Bibi_Wodi_Tano | #9
Mama Pacha, pole sana mwanangu. Hilo tulikuwa tunalifanya, mimi mwenyewe nimo. Baadaye tukaelekezwa: maelezo kamili yakae kwenye faili na rejista ya kituo inayofungiwa kabatini, kadi ya mama isiandikwe kitu. Wengine wanaweka alama yao ndogo wanayoijua wao kwa wao. Nayo ina kasoro, maana mtaani alama ikishajulikana ni sawa na kuandika kwa herufi kubwa.

Simu vilevile. Usimpigie mama kumkumbushia "ile kesi yetu". Simu anaweza kuwa nayo baba.

Nesi_wa_Minnesota | #10
Niko Marekani mwaka wa tisa, nesi, nilianzia Morogoro. Huku tunauliza wote. Kila mwanamke anayeingia anaulizwa "unajisikia salama nyumbani?" kama anavyoulizwa anavuta sigara. Kikosi chao cha wataalamu wa kinga kilipendekeza mwaka 2018 wanawake wote wa umri wa kuzaa waulizwe. Faida yake ni kwamba hakuna anayejiona kanyooshewa kidole. Unaanza na "haya maswali tunamuuliza kila mtu".

Kwa nini nyumbani tusifanye hivyo?

Daktari_Mpole | #11
#10 WHO, Shirika la Afya Duniani, hawakubaliani na Wamarekani kwenye hilo. Mwongozo wao wa 2013 haupendekezi kuuliza kila mwanamke kwenye kila huduma. Unasema mtoa huduma aulize pale anapoona dalili au hali inayoweza kuwa imeletwa ama kuzidishwa na ukatili: majeraha yasiyolingana na maelezo, maumivu ya nyonga yasiyo na sababu, magonjwa ya zinaa yanayojirudia, mimba kutoka mara kwa mara, kukosa usingizi, kutaka kujiua, kuchelewa kuja kutibiwa. Kliniki ya wajawazito wameiwekea nafasi yake, huko kuuliza kunaweza kufikiriwa, ila kuwe na faragha, mhudumu aliyefundishwa, na mahali pa kumpeleka mama.

Sababu yao ni hii: kuuliza wote kunaongeza idadi ya wanaotambuliwa, lakini haijaonekana kwamba peke yake kunapunguza kipigo. Na penye wahudumu wachache swali linageuka tiki ya kujaza karatasi. Nimeliona kwa macho: nesi kainamia fomu anasoma "unapigwa hupigwi?" kama kondakta anauliza kituo cha kushuka.

Nesi_wa_Minnesota | #12
#11 Sawa dokta, lakini "pale anapoona dalili" maana yake unamtegemea mhudumu aone. Tabibu wetu wa #1 aliona mtandio akaandika tonsi. Kwa heshima lakini.

Tabibu_wa_Zamu | #13
Nimepokea. Hainiumi, ndiyo maana nimeleta uzi.

Kisauni_Kwetu | #14
Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya twashukuru tuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, waweza kuomba mahakamani amri ya kumzuia mtu asikukaribie. Na simu ya bure 1195. Ila usidhani tumefika. Dadangu alipigwa, akaenda hospitali, akaambiwa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, "imeisha, katoe kopi dukani". Fomu ya bure, kopi ya pesa, na nauli ya kurudi polisi mara tatu. Mara ya tatu alikataa kwenda.

Nanyi huko ni PF3, si ndiyo? Yatolewa kabla ya matibabu ama baada?

Chuma_cha_Reli | #15
Kabla. Bila PF3 hutibiwi.

Wakili_Njaa | #16
#15 Hapana, na imani hiyo imegharimu watu. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, PF3 inafuata. Ni fomu ya polisi kwa ajili ya ushahidi. Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa kinga za VVU na siku tano za kidonge cha kuzuia mimba ya dharura. Ukimrudisha kituo cha polisi Ijumaa jioni akalete karatasi, umezichoma saa zake.

Na matabibu wanaoogopa mahakama, niwape siri ya ofisi. PF3 nyingi zinakufia mahakamani kwa sababu ndogo ndogo. Mshtakiwa asipoambiwa kwamba ana haki ya kumwita daktari ahojiwe (kifungu cha 240 cha Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba tulizosomea sisi), fomu inafutwa kwenye ushahidi. Isiposomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, inafutwa. Hayo si makosa yenu. Lenu ni kuandika vizuri. Msiandike "kapigwa kidogo". Andika "mchubuko wa zambarau, sentimita 4 kwa 3, nje ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko; mgonjwa anasema kapigwa na mumewe kwa mkanda jana usiku". Maneno yake yawe yake. Chora hata umbo la mwili utie alama.

Msukuma_wa_Mjini | #17
Wakili, na nauli ya kwenda mahakamani kutoa ushahidi, naandika kwa sentimita ngapi?

Wakili_Njaa | #18
Hapo nimekaa kimya kwa mujibu wa sheria.

Mzee_wa_Uyole | #19
Nimeona mnazunguka sababu ya msingi. Wahudumu hawaulizi kwa sababu wao wenyewe wanaona kipigo ni kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanakubali mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja, kaunguza chakula, kabisha, kaondoka bila kuaga. Wanaume waliokubali ni asilimia 40. Manesi wanatoka mbinguni? Wametoka kwenye hao hao 58.

Dogo_Janja_Tabata | #20
Mzee wa Uyole, na ule utafiti wa WHO wa 2005, Dar asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walishapigwa au kulazimishwa, Mbeya asilimia 56? Nyie wa Uyole, Mbeya, mnatuelezaje?

Mzee_wa_Uyole | #21
Baridi mdogo wangu. Watu wanakaa ndani sana.

Nimekosea kutania. Takwimu ile naijua, na marehemu mama yangu yumo ndani yake.

Daktari_Mpole | #22
Za karibuni zimeshuka. Utafiti ule ule wa kitaifa, 2015–16 waliowahi kupigwa tangu wana miaka 15 walikuwa asilimia 40, wa 2022 ni 27.

Mama_Pacha_Wangu | #23
#22 Zimeshuka au watu wamejifunza kunyamaza? Mimi kuna dada wa utafiti alikuja nyumbani na tableti, nikamjibu "hapana" kila swali. Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha hapo nje, dirisha liko wazi.

Daktari_Mpole | #24
Wahojaji wanatakiwa kuwa faragha kabisa na mhojiwa, la sivyo sehemu hiyo wairuke. Lakini nimekuelewa. Sina cha kubisha kuhusu dirisha.

Sijulikani_88 | #25
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni nesi. #19 ana nusu ya ukweli. Mimi siamini kipigo ni kawaida. Mimi napigwa.

Mama akija na jicho limevimba, nampima presha huku naangalia ukuta. Nikimuuliza nitalazimika kumwambia "ondoka, toa taarifa, una haki". Halafu saa kumi na mbili natoka zamu naelekea wapi? Kwenye mafunzo tulipewa hatua nzuri: msikilize, umwamini, muulize anahitaji nini, mpangie usalama, muunganishe na msaada. Nilizikariri zote, nikapata cheti. Nyumbani cheti kilichanwa.

Msinipe pole nyingi, naomba tu msiseme manesi hawajali.

Bibi_Wodi_Tano | #26
Mwanangu #25, nikutumie ujumbe wa pembeni? Kama simu yako si salama usinijibu, nitaelewa.

Mwana_wa_Songea | #27
Wanaume nao wanapigwa. Mimi nilimwagiwa uji wa moto. Nilipofika dirishani muuguzi aliita wenzake waje wamwone "mwanaume aliyepikwa". Sikurudi kubadilisha bandeji, nikajitibu na asali.

Chuma_cha_Reli | #28
😂😂 Uji wa nini mkuu, ulezi?

Mama_Pacha_Wangu | #29
#28 unaona unachofanya? Ndicho alichofanyiwa dirishani.

Chuma_cha_Reli | #30
Samahani #27. Kweli samahani.

Mtoto_wa_Kata | #31
Mnaongea kama wote mko mjini. Huku kwetu zahanati ina nesi mmoja, na mume wa mgonjwa ni shemeji yake. Dawati la jinsia la polisi liko wilayani, nauli ya bodaboda ni bei ya debe la mahindi. Vituo vya mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, ni vizuri, Amana kipo, Mnazi Mmoja Unguja kipo. Huku mkono kwa mkono ni mwenyekiti wa kijiji anawashikisha mkono mbele ya kreti ya soda.

Na lile la kusema wajawazito waje na waume zao? Nia ilikuwa kupima VVU pamoja. Asiye na mume aje na barua ya mwenyekiti. Sasa yule anayepigwa ndiye anayesindikizwa kila hudhurio, na mhudumu anamsifia mume: "Huyu baba mfano wa kuigwa!"

Tabibu_wa_Zamu | #32
#31 Umenigusa. Yule mume tulimruhusu asikae foleni kwa sababu kaja na mkewe. Tuna huo utaratibu, wanandoa wanapita kwanza. Nilimpa zawadi.

Nesi_wa_Minnesota | #33
Msimwambie mama "ondoka leo". Hilo nimejifunza kwa uchungu. Wakati wa kuondoka, na muda mfupi baada yake, ndio mara nyingi hatari inapopanda. Muulize: kipigo kimeongezeka siku hizi? Kaishawahi kukukaba? Ametishia kukuua? Kuna silaha ndani? Unaogopa kurudi leo? Akisema ndiyo kwenye mengi, umtafutie pa kulala usiku huo, hata wodini kwa kisingizio cha presha. Akitaka kurudi nyumbani ni uamuzi wake, ila mpange: nguo na kitambulisho viwekwe kwa jirani gani, watoto waambiwe wakimbilie wapi.

Bibi_Wodi_Tano | #34
"Presha" tulikuwa tunalaza wengi sana. Daktari mmoja mzee alikuwa ananiuliza, "Sista, presha hii ni ya ngapi juu ya ngapi?" Namwambia, "Dokta, hii haipimiki." Anasaini.

Wakili_Njaa | #35
Sista, hilo la kusaini mimi sijalisoma.

Kisauni_Kwetu | #36
Swali langu kwa tabibu #1. Yule mama yuwapi sasa?

Tabibu_wa_Zamu | #37
Nimechelewa kurudi, nilikuwa zamu.

Sijui alipo kwa uhakika. Nimeongea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake, anapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na vyandarua, hivyo hakuna atakayeshangaa akibisha hodi. Sijamweleza habari ya kipigo, nimemwambia tu namhitaji mama yule kliniki, mkojo wake haukupimwa. Ambayo ni kweli.

Hapa kituoni tumefanya kitu kimoja. Mizani ya wajawazito tumeihamisha nyuma ya kabati la dawa, tumetundika pazia, tumebandika karatasi: "Kupima uzito ni mama peke yake." Kwa wote, asione mtu kaonewa. Leo siku ya kwanza akina baba wamebaki benchi bila neno, isipokuwa mmoja.

Bibi_Wodi_Tano | #38
Huyo mmoja alisemaje?

Tabibu_wa_Zamu | #39
Alisema atasubiri hapohapo kwenye pazia. Akasimama, viatu vyake vinaonekana kwa chini. Nesi akaongeza sauti ya redio.